Bwawa la Nyuma ya Nyumba ya Mzee Asegelile

Lusajo alinipigia simu nikiwa Tunduma, nimekaa kwenye benchi la fundi viatu, mguu mmoja peku, nikisubiri soli. Alisema, "Baba ametutoka jana," na kwa muda tulichosikia wote wawili ni malori yakipigiana honi kwenye foleni ya mpakani. Aliponiuliza kama nitakuja nilijibu nakuja, na fundi alinirudishia kiatu kabla hajakimaliza kwa sababu aliona uso wangu. Tangu niondoke nyumbani kwa mzee huyo nimekaa Mpika, Kapiri, Sumbawanga, Makambako, nikarudi Tunduma, nikaondoka, nikarudi tena. Nimeendesha matrekta ya watu, lori la mkaa, bodaboda, hata mashine ya kukoboa. Nikishaanza kujulikana na majirani, wakianza kunitumia watoto wao kuniazima chumvi, mimi hufungasha. Wanaonipenda husema nina miguu myepesi. Katika vyumba vyote nilivyolala, ninachokumbuka vizuri ni kimoja tu, cha kwanza kushoto ukiingia nyumba ya Mzee Asegelile, Isongole, na mwaka mmoja nilioishi humo nikiwa na miaka ishirini na saba.

Mimi na Lusajo tulikutana Nakonde, ng'ambo, tukipakua magunia ya mahindi. Yeye alipopata kibarua cha mbali zaidi, kule kwenye migodi ya Zambia, alinisihi niende kwao nikakae na baba yake. Alikuwa ameacha mke, Tusekile, na watoto wawili, mmoja bado wa mgongoni. Kikundi cha wakulima cha kijijini kwao kilikuwa kimepata pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva hutembea nyuma yake akiwa ameshika mikono yake kama toroli, na hapakuwa na mtu wa kuliendesha bila kulivunja. Mimi niliweza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sikupenda kuzionyesha, lakini pawatila nililijua kuliko nilivyojijua mwenyewe. Nikafika Isongole mwishoni mwa mvua, na mzee akanipa chumba kilichokuwa nusu cha mtu na nusu cha magunia. Dirisha lilikuwa la mbao, likifunguliwa huingiza harufu ya migomba na moshi wa jiko la nyumba ya pili. Kuta zilikuwa na nyufa ndefu ambazo mjusi angeweza kupita bila kukunja mkia, na nilishangaa, kwa sababu nyumba ya Tusekile, hatua thelathini kutoka pale, ilisilibwa udongo laini mweusi mpaka inang'aa. Nikamuuliza mzee kwa nini mkwewe asimsilibie na yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei kwa mikono. "Ataingiaje humu?" akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nyumba niliyofikia. Kwetu Mbozi mambo hayo yalikuwa yamelegea, lakini Mzee Asegelile aliyashika kama walivyoyashika mababu zake. Mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Mzee akitaka kupita uani alikohoa mara mbili akiwa bado mbali, na Tusekile, popote alipokuwa, aliacha alichoshika akaingia ndani, au kama ndani ni mbali aliinama nyuma ya migomba na kugeuza uso mpaka nyayo zipite. Tusekile hakulitaja jina la mzee. Mzee naye hakulitaja la mkwewe. Alisema "mama yake Neema". Chakula cha mzee kilipikwa jiko la Tusekile, kikafunikwa, kikaletwa na Neema, mtoto wa miaka mitano aliyetembea ameutazama mkono wake mwenyewe ili asimwage. Palipokuwa na neno la kusema, neno lilipitia kwa mtu. Nami, niliyelala nyumba moja na kunywa uji nyumba nyingine, nikawa mtu huyo. Nilibeba habari za gunia lililoliwa na panya, za mtoto mwenye homa, za ibada ya Jumatano iliyoahirishwa. Na niliona jambo moja ambalo baadaye lilinisumbua kuliko yote. Ujumbe wa Tusekile ukifika, mzee alivua kofia. Siku moja alituma kusema paa la ghala linavuja, naye mzee, aliyekuwa ameumwa mgongo wiki nzima, jioni alikuwa juu ya paa. Aliniambia kutoka kule juu, midomo imebana misumari, "Mtu ambaye hasemi na wewe akisema, unaamka."

Asubuhi nilikunywa uji jikoni kwa Tusekile, mlango ukiwa wazi kabisa, yeye upande wa moto na mimi kizingitini, ili wanawake wanaopita kuchota maji wasipate la kusema. Walipata hivyo hivyo. "Mama Neema, umeajiri mlinzi?" aliuliza mmoja. "Mlinzi gani anayekula kuliko mwizi?" akajibu Tusekile, na wote wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Alikuwa na ulimi mwepesi, mwanamke yule. Nyuma ya nyumba ya mzee, ardhi ilishuka taratibu, na kwenye mteremko palitoka chemchemi ndogo, maji ya unene wa kidole, yakaingia kwenye mfereji na kushuka mpaka kwenye kinyungu cha Tusekile, yaani ile bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekauka. Pale alikuwa na mahindi mabichi mwezi Agosti, maharage, majani ya maboga. Lusajo alituma kitu mara moja moja na miezi mingine hakutuma. Kinyungu ndicho kilichowalisha watoto wake, na yeye alikilima kwa namna ya mtu asiyekuwa na kingine.

Sijui nani alimwingizia mzee wazo la samaki. Nadhani ni karatasi iliyobandikwa ofisi ya kata, yenye picha ya mtu aliyeshika perege mkubwa kama sahani. Alirudi nayo mfukoni, akanipa nimsomee, akanipa tena kesho yake. Tulikuwa tumekaa barazani tunamenya ndizi za mbalaga. "Lusajo hawezi kurudi kwa ajili ya mahindi," alisema. "Mahindi yako kila mahali, hata huko Zambia yako. Lakini kijana akisikia baba yake ana samaki nyuma ya nyumba, lazima aje awaone. Akija kuwaona, atataka kuwalisha. Akianza kuwalisha, amekaa." Alisema hivyo bila kuniangalia, kama mtu anayekariri. Bwana samaki akaletwa na pikipiki kutoka wilayani. Alichoma ardhi kwa nondo mahali pawili, akatoa udongo mweusi wa mfinyanzi, akaukanda kidoleni, akasema unafaa. Akapima kwa hatua, akasema upande wa juu maji yafike magotini na upande wa chini kifuani, akaandika hayo nyuma ya ile karatasi na kuahidi vifaranga wa samaki. Bwawa lingechukua nusu ya juu ya kinyungu. Nusu ya chini ingebaki na kupata maji yatakayofurika. Nilipompelekea Tusekile habari hiyo alisema, "Mwambie baba ni vizuri. Kama litamrudisha, ni vizuri." Naye alimtaka Lusajo arudi. Watu wale wawili hawakuwahi kutofautiana kitu, ila hawakuwa na mahali pa kukaa wakubaliane.

Kikundi kilitupa pawatila kwa siku tatu, kwa sababu baada ya hapo lilikuwa lisombe matofali ya kanisa, na matofali ya kanisa hayakusubiri mtu. Fundi Seme, mchomeleaji wa pale sokoni, alitutengenezea ubao wa kukokotea udongo: kipande cha mlango chenye bati nene ukingoni na minyororo miwili. Nilifungua ardhi kwa meno ya pawatila, nikafunga ubao, nikakokota udongo kwenda pembeni, Seme na wenzake wawili wakiusukuma kwa mabeleshi kuwa tuta. Siku mbili zile nakiri zilikuwa za raha. Udongo ulikuwa mweusi, mzito, unakatika kama sabuni. Watoto wa shule walipita makusudi njia ndefu ili waone. Wazee walikuja na viti vyao. "Dereva," Seme alipiga kelele juu ya injini, "hili ni bwawa au kaburi la kiboko?" Mzee Asegelile alijibu kwa niaba yangu: "Ni la kwako, mdomo wako unatosha humo." Sijawahi tena kuwa mahali ambapo watu wazima wengi hivyo walinitazama mimi nikifanya kitu ninachokijua. Jioni ya pili shimo lilikuwa la kiuno upande wa chini, na nililala nikiwa bado nasikia mtikisiko mikononi.

Asubuhi ya tatu Tusekile alinipa uji, kisha akaweka mbele yangu bakuli la maji. Akafungua pindo la kitenge, akamwaga ndani ya bakuli konzi ya punje nyeupe, kama mawe madogo. Hazikuzama. Zilielea, zikazunguka, zikakusanyika ukingoni.

"Shemeji, jana mmefika wapi?" akauliza.

"Kiunoni."

"Basi isizidi pale. Hata kiganja kimoja." Aliniambia kwamba wakati ana mimba ya Neema alikuwa akichimba mle mle udongo wa kusiliba nyumba, akavuka ule mweusi, na chini yake akakuta hizi. "Nikamwaga ndoo nzima mle shimoni. Nilivyogeuka kuchukua jembe, nikarudi, hakuna maji. Yamenywewa. Nikafukia haraka nikakanyaga. Udongo mweusi pale ni kama ngozi tu, shemeji. Mkiutoboa, na chemchemi inaondoka."

"Nitamwambia."

"Mwambie ni mimi nimesema. Asije akadhani ni maneno yako."

"Kwa nini usimtume Neema?"

"Neema atasema mama anasema mchanga. Baba atacheka tu." Akachukua bakuli, akamwaga maji nje. "Wewe utalieleza likaeleweka. Si ulisoma?"

Nimeyarudia yaliyofuata moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote, na kila mara nayatafutia sababu mpya. Nilipofika shimoni injini ilikuwa tayari imewashwa na Seme, watu wamekaa, na mzee amevaa shati la kanisani. Nikasema moyoni nitamwambia wakipumzika. Wakati wa kupumzika alikuja mwenyekiti wa kikundi kukumbusha habari za matofali, na maneno yakawa ya matofali. Nikasema, basi chakula cha mchana. Neema alileta mbalaga na maharage, tukakaa kwenye tuta jipya, na mzee akaombea chakula. Aliomba kwa Kindali, lakini nilisikia jina langu, na Seme akanigusa na kiwiko akanong'ona, "Anamshukuru Mungu kwa ajili yako. Anasema ameletewa mtoto wa pili." Nilikuwa na tonge mkononi. Niliona kwamba nikisema sasa, nitakuwa nimesema kwamba kazi ya siku mbili, mimi na mashine yangu na karatasi niliyoisoma, haijui kitu ambacho mwanamke alikijua kwa jembe la mkono miaka mitano iliyopita. Haya nayaona leo. Siku ile nilichohisi ni joto masikioni. Nikasema, "Mzee, nadhani hapa panatosha."

"Pametosha vipi?"

"Kina. Nadhani kinatosha."

Mzee alitafuna akameza. "Bwana samaki alisema kifuani. Wewe ndiye unayesoma. Karatasi inasemaje?"

"Kifuani."

"Haya, si inasema kifuani?"

Nikatia tonge mdomoni. Nilijiambia kwamba nimeshasema. Nilikuwa nimesema kitu, ni kweli, ila nilikivua jina la mwenyewe na kumpa kikiwa uchi, kama maoni ya kijana aliyechoka. Mtu anayevua kofia kwa ajili ya neno la mkwewe hakupewa neno la kuvulia kofia. Baada ya chakula nikashuka upande wa chini, na kwenye mkokoto wa pili sauti ikabadilika. Meno ya pawatila yalikuwa yakinguruma kwenye udongo mzito. Ghafla yakawa mepesi, yakafanya sauti ya kusaga pumba, na nyuma yangu ukatoka unga mweupe. "Mmefika kwenye sembe!" Seme akapiga kelele, na watu wakacheka. Nilizima injini. Mzee akainama ukingoni akauliza, "Ni nini hicho?" Nikaokota kiganja kizima, nikakishika, kikawa hakina uzito. "Mchanga tu, mzee," nikasema. Tukamaliza saa kumi, na kina kilikuwa cha kifua kama karatasi ilivyotaka.

Siku iliyofuata, pawatila likiwa limeshaenda kwenye matofali, tuligeuza mfereji wa chemchemi ukaingia bwawani. Maji yalitambaa, yakatafuta upande wa chini, yakafika kwenye kifundo cha mguu, na punje nyeupe zikapanda juu zikaelea. Watoto wakapiga makofi. Asubuhi palikuwa na tope tu. Mzee akasema ardhi ina kiu, iachwe inywe. Ikanywa siku nne. Siku ya tano bwana samaki akaja na vifaranga wake kwenye mifuko ya plastiki iliyojaa hewa, mamia ya vitu vidogo kama kope za macho, akakuta bwawa halina maji ya kumlowesha bata. Hakuweza kuwarudisha, kwa hiyo tuliwatia kwenye pipa, na pipa likijaa kwenye mabeseni, na mabeseni yalikuwa ya Tusekile, yote aliyokuwa nayo, pamoja na lile la kumwogeshea mtoto. Wiki nzima nyumba ile ilikuwa na mabeseni ya samaki kila pembe na hakuna mtu aliyejua awalishe nini. Walikufa asubuhi kwa asubuhi. Neema aliwahesabu kwa sauti, akiinua mmoja mmoja kwa kijiko, na mzee alikuwa akienda kusimama nyuma ya choo ili asisikie.

Tulijaribu kila tulichoambiwa. Tulisomba udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni kwa magunia kichwani, tukautandaza, tukauponda kwa miguu. Tuliazima ng'ombe saba wa jirani, tukawachanganya na ng'ombe pekee wa mzee, tukawazungusha humo siku mbili waukanyage, na mmoja akazama mguu mpaka pajani ikabidi achimbuliwe. Tuliweka samadi na magome ya migomba. Maji yalikaa siku moja, yakaondoka. Kisha tukasema basi, tuache bwawa, turudishe mfereji kwenye kinyungu kama zamani. Hapo ndipo tulipoona ubaya wenyewe. Chemchemi ilikuwa imeacha mdomo wake wa zamani. Ilikuwa inachuruzika chini kwa chini, kutoka kwenye ukingo tulioukata, inatokeza shimoni na kupotelea shimoni, chini kuliko mfereji, na hapakuwa na namna ya kuipandisha. Nilichimba, nikaziba, nikachimba tena. Kidole kile cha maji kilinitelezea kila nilipokishika. Kule chini mahindi mabichi yalianza kujikunja majani mchana, kisha yakawa yamejikunja hata asubuhi. Tusekile alichota maji bombani, mwendo wa nusu saa, akamwagia shina kwa shina kwa kopo la maziwa. Alianza kuokoa maharage na kuyaacha mahindi, halafu akaokoa maboga na kuyaacha maharage.

Siku moja alinikuta nimekaa kizingitini, uji umepoa.

"Shemeji, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa amesimama na ndoo kichwani, maji yanamtiririkia shavuni, na mimi nilikuwa nimelala usingizi mbaya wiki tatu. Nikasema, "Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alisema bwana samaki ndiye anayejua."

Alitua ndoo polepole, akavuta kitenge kikamfunika mdomo, akaingia ndani. Kuanzia siku ile hakutuma tena neno lolote kwa mzee. Chakula kilikuja, kimefunikwa vizuri, lakini bila salamu. Mzee alimuuliza Neema, "Mama amesemaje?" na Neema akajibu, "Amesema nikuletee." Mzee alingoja kidogo zaidi, mkono kwenye kofia, kisha akaushusha.

Tusekile aliondoka mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, kwenda kwa kaka zake Ikinga. Kaka mmoja alikuja kumsaidia kubeba. Mzee alikuwa chumbani. Alisikia sufuria zikifungwa na hakuweza kutoka kwa sababu mkwewe yuko uani. Aliniita dirishani. "Wanakwenda wapi?"

"Ikinga."

"Kusalimia?"

"Sijui, mzee."

Alipotea ndani, akarudi na mtetea amefungwa miguu na nusu gunia la karanga, akavipitisha dirishani. "Mpe. Sema ni za watoto." Nilivibeba hatua zile thelathini. Tusekile alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Alimtazama yule kuku, akasema, "Mwambie baba asante, mzigo umejaa." Ujumbe ule niliufikisha neno kwa neno.

Mvua zilipokuja shimo lilijaa mpaka juu, tukafurahi kwa siku mbili kama wendawazimu, kisha likashuka mkono kwa mkono mbele ya macho yetu mpaka unga mweupe ukaonekana. Nilipika mimi. Ugali wangu ulikuwa na madonge, na mzee aliula akisema ndaga, asante, kila siku, hata siku ulipoungua. Mlango wa jiko la Tusekile tuliufunga kwa kamba, lakini mzee akipita pale bado alikohoa mara mbili. Lusajo akarudi Februari, siyo kwa ajili ya samaki. Mgodi ulipunguza watu. Alikaa kwa baba yake siku tatu, akaenda Ikinga kumchukua mkewe, akabaki huko huko. Mkewe alikataa kurudi na hakutaka kusema sababu. Nilipoondoka mwezi wa nne mzee alinisindikiza mpaka barabarani, na tukisubiri gari alisema, "Mama yake Neema alikuwa mtu wa kuvumilia. Simlaumu, watoto hawali tuta. Ila angenitumia hata neno moja kwamba ameshindwa, ningeuza ng'ombe." Gari lilikuwa bado mbali, naliona vumbi lake tu. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Nikamwambia, "Ndivyo walivyo, mzee," nikapanda.

Mzee alikaa peke yake miaka kumi na sita. Lusajo alikuwa akija Krismasi na Pasaka, peke yake au na wavulana wake, mke hakuja. Haya alinisimulia mwenyewe siku ya mazishi, tukiwa tumebeba mabenchi ya kanisa, na nilijifanya mabenchi ni mazito ili nisijibu. Tusekile alikuja. Nywele zimeanza mvi, mwili umenenepa, sauti ni ile ile. Wakati wa kuaga mwili wazee wa ukoo walisema wakwe nao sasa wanaruhusiwa kumwona, kanisa limeshaondoa mambo hayo. Yeye akatikisa kichwa, akabaki upande wa jikoni na mgongo wake kwetu.

Nilimfuata huko baada ya watu kurudi kutoka kaburini. Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika: kwamba sikumtaja, kwamba mzee hakujua, kwamba yale maneno ya bwana samaki niliyatunga mwenyewe kizingitini. Aliendelea kusugua mpaka mahali fulani, kisha mkono ukasimama.

"Hakujua?"

"Hakujua."

"Kila Krismasi alinitumia salamu na Lusajo," alisema. "Mimi nikanyamaza nazo. Nikasema mtu aliyenidharau sina salamu zake." Aliitazama mikono yake iliyojaa majivu. "Leo wameniita nikamwone nikakataa. Nikasema mkwe haangalii. Uongo. Ni hasira tu."

Wanawake walimwita kutoka kwenye moto, wakiuliza chumvi iko wapi. Hakugeuka.

"Shemeji," akasema, "mimi nilimwona kwa mgongo tu, na kwa mbali. Miaka ile yote nikimpikia. Alikuwa na sura gani?"

Nilichuchumaa kando ya sufuria. Nikaanza na masikio, kwamba yalikuwa makubwa na yamesimama, kwa sababu hayo nilikuwa na uhakika nayo. Nikasema macho yake yalikuwa madogo. Nikasema alikuwa na pengo la jino upande wa kulia, halafu nikasita, nikasema labda kushoto.